Aliyeanguka Tumcheke Vipi?

Kicheko ni cha namna mbili. Kuna kicheko cha dharau, kile cha mtu aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa akimtazama mwenziwe anavyojikwaa njiani. Na kuna kicheko cha mapenzi, ambacho hata huyo aliyejikwaa huinuka, akapangusa nguo yake, akacheka pamoja na waliomcheka. Mtunzi wa vichekesho asiyejua kuzitenganisha namna hizi mbili hafai kupewa jukwaa. Na watu wasiojua kuzitenganisha, naogopa kusema, watakaa chini daima wakiwatazama wengine wakiruka.

Maneno hayo nayasema kwa sababu ya picha moja ya sinema ya Kiingereza iitwayo "Those Magnificent Men in Their Flying Machines", iliyoongozwa na Ken Annakin na kutolewa mwaka 1965. Ni picha kongwe, na huenda baadhi ya wasomaji vijana hawajapata kuisikia. Lakini kila ninapoitazama naona ina funzo kwetu sisi wa Pwani ya Kusini, kuanzia Likoni na Diani, kupita Msambweni na Gasi, mpaka Shimoni na Vanga. Picha hiyo yawacheka Wazungu wa siku za mwanzo wa ndege, na waliowacheka ni Wazungu wenyewe.

MASHINDANO YA VIROJA

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1910. Tajiri mmoja wa London mwenye gazeti anatangaza zawadi ya pauni 10,000 kwa rubani atakayeruka kutoka London na kuwa wa kwanza kufika Paris. Wanakuja watu wa kila taifa. Yupo Mmarekani asiye na kitu mfukoni, Mfaransa aliyeshughulika zaidi na wanawake kuliko na injini, Mtaliano mwenye familia kubwa, na Mjapani. Yupo na afisa wa jeshi la Ujerumani anayeamini kwamba hakuna jambo duniani ambalo halimo katika kitabu cha maagizo. Afisa huyo hurusha ndege huku akisoma, kama mtu apikaye pilau kwa mara ya kwanza, na safari yake huishia baharini.

Mwovu wa kisa ni Mwingereza, Sir Percy, anayeigizwa na Terry-Thomas. Usiku, wenzake wakiwa wamelala, yeye anaipakia ndege yake katika chombo na kuivusha bahari kwa siri, ili kukicha aonekane ameruka. Malipo yake ni kutua juu ya gari moshi linalokwenda, nalo likaingia katika pango la reli lililo jembamba kuliko mabawa yake. Kando ya uwanja wa mazoezi pana shamba la maji machafu, na humo ndimo wanamotumbukia hao mabingwa wa anga, na suti zao na masharubu yao yaliyosokotwa. Kuparamia mchongoma, kushuka ndio ngoma!

Hata jina refu la picha ni mzaha, kwani linaendelea kutuambia kuwa hiki ni kisa cha mtu aliyeruka kutoka London hadi Paris kwa saa 25 na dakika 11. Leo abiria husafiri baina ya miji hiyo kwa muda wa saa moja na kidogo.

Lakini wasomaji wasidhani kuwa ni upuuzi mtupu. Ndege zinazoonekana humo zilijengwa upya kwa kufuata michoro ya zamani, kwa mbao, kitambaa na waya, na kweli ziliruka. Mojawapo, Demoiselle, iliyobuniwa na Mbrazili Alberto Santos-Dumont, ni ndogo mno hata haikutaka mtu mzito. Ikabidi apandishwe rubani mwanamke, Joan Hughes, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa kazini akipeleka ndege za kivita toka kiwandani hadi vituoni. Na mwishoni, Mmarekani anayekaribia kushinda anaacha ushindi wake ili amwokoe Mtaliano ambaye ndege yake inawaka moto hewani. Mwingereza anatangulia kufika, na anataka wagawane zawadi. Utaona basi kwamba mtengenezaji wa picha aliwacheka watu hawa kwa sababu aliwapenda. Aliwaona ni wajinga, naam, lakini wajinga waliothubutu.

MWAMBA NGOMA

Hata hivyo wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Picha ni ya Waingereza na mshindi ni Mwingereza. Historia haikwenda hivyo. Bahari ya baina ya Ufaransa na Uingereza ilivukwa kwanza kwa ndege na Mfaransa, Louis Blériot, tarehe 25 Julai 1909, akapata pauni 1,000 za gazeti la Daily Mail. Na mwaka 1910 wenyewe, gazeti hilo lilipotoa pauni 10,000 kwa safari ya kutoka London hadi Manchester, aliyezichukua ni Mfaransa mwingine, Louis Paulhan. Lakini ngoma ni ya mwenye ngoma, na anayetaka ngozi ivutwe upande wake sharti awambe yake.

Na sisi je, mwaka huo wa 1910 tulikuwa wapi? Katika picha hatumo. Mwaka huo ndio aliofariki Mbaruk bin Rashid wa Gasi, huyo Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Alifia uhamishoni Dar es Salaam, mbali na nyumba yake. Wakati Ulaya inacheza na mabawa ya kitambaa, pwani yetu ilikuwa imekwisha kupata wakubwa wapya. Asiyekuwapo na lake halipo.

Lakini kutokuwamo katika sinema si kutokuwa na habari. Sisi tulikuwa na lugha ya kurukia kabla ya kuwa na chombo cha kurukia. Mtoto wa pwani hupiga tiara ufukweni kusi linapovuma, wengine huita kishada, na neno hilo tiara ni ndugu wa neno la Kiarabu ambalo leo Waarabu wanaitia ndege. Moja katika ndege za picha hii, Bristol Boxkite, jina lake kwa Kiingereza lina maana ya tiara la sanduku. Nayo kwa macho ni tiara hasa, kubwa, lililotiwa injini na mtu. Na rubani ni nani? Kabla ya kupanda angani, rubani alikuwa ni yule mjuzi wa kukiongoza chombo baina ya miamba mpaka ndani ya bandari. Waswahili walipokiona kile kitu cha kuruka hawakubabaika. Chombo wakakiita ndege, na mwendeshaji wakampa cheo cha bahari.

MWANACHUONI ALIYESAHAU MKIA

Wala sisi Waislamu tusidhani kwamba tamaa ya kuruka ilianza kwa Wazungu wa 1910. Surat al-Mulk inatuita tuwatazame ndege walioko juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa zao, na miongoni mwa waliowatazama kwa makini ni Abbas ibn Firnas wa Cordoba, huko Andalusi, aliyefariki mwaka 887. Alikuwa mshairi na mtaalamu wa fani nyingi. Kwa masimulizi aliyotuachia mwanahistoria al-Maqqari, aliyeishi karne nyingi baadaye, Ibn Firnas alijivika manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha kutoka mahali pa juu. Akaelea masafa ya kutosha. Kutua ndiko kulikomshinda, akaumia mgongo. Wenye kujua wakasema: alisahau kuwa ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujitengenezea.

Kisa hiki hapa kwetu husimuliwa kwa fahari tu. Mimi naona ndani yake mna na kichekesho kizuri kabisa. Mzee wa elimu, amejivika manyoya kama jogoo, mji mzima umetoka kumtazama, kisha tatizo ni mkia! Mshairi wa zama zake, Mu'min bin Said, hakuliacha jambo hilo lipite bila ya kulitungia, kama ambavyo malenga wa hapa petu wasingeliacha. Na utani huo haukumpunguzia Ibn Firnas chochote. Mwaka 1976 shimo moja la mwezini lilipewa jina lake.

KICHEKESHO CHA RUFIJI

Sasa turudi nyumbani. Ndege nyingi za mwanzo kuonekana katika pwani ya Afrika Mashariki hazikuja kwa mashindano wala kwa zawadi. Zilikuja kwa vita. Vita vya 1914 viliifikia Gasi mwaka huo huo, na Januari 1915 vikapiganwa Jasini, hatua chache kutoka Vanga. Wakati huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakaamua kutafuta jicho la angani.

Jicho lenyewe lilikuwa rubani wa kiraia aliyekodiwa Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini aina ya Curtiss. Novemba 1914 aliruka mara ya kwanza kuitafuta manowari bila ya dira. Bila ya dira, wasomaji! Mvuvi wa Shimoni hatoki nje ya mwamba usiku bila ya kujua nyota yake iko wapi, na bwana huyu alitoka kwenda kutafuta meli ndani ya msitu wa mikoko bila ya kitu cha kumwambia kaskazini ni wapi. Akapotea, akatua kwenye kisiwa kisicho watu, akakaa kusubiri kuokolewa. Rejeta ya ndege iliharibika, ikabidi itafutwe ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa ndiyo ifungwe. Hata hivyo, mwezi huo huo, akaiona manowari. Desemba injini ikamsaliti, akatua mtoni, akatekwa.

Zilizofuata nazo zilikuwa na vituko vyao. Joto la pwani lilizishinda. Hewa ya joto huwa nyepesi, bawa halipati cha kutosha cha kuegemea na injini hupungukiwa na nguvu, basi ndege zikawa zinakimbia juu ya maji bila ya kunyanyuka, kama bata aliyeshiba. Unyevu ukazifungua gundi na kuzipinda rafadha za mbao. Mwishowe ndege nyingine zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikawaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa. Marubani wa siku hiyo nao waliangushwa mtoni wakati kazi inaendelea. Baadaye ndege za kikosi hicho zikahamishiwa Maktau, huko Taita.

Naomba tusisahau kuwa hii ilikuwa vita, na watu wengi wasiohusika waliangamia kwa njaa na kwa kubebeshwa mizigo ya majeshi. Hilo si la kuchekwa. Lakini rubani asiye na dira, na rejeta ya Ford iliyotoka Mombasa? Angepewa Annakin kisa hicho, asingelazimika kubuni.

ANGA LETU, PICHA YA NANI?

Na baada ya vita mambo hayakwisha. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, walianzisha Nairobi shirika la Wilson Airways, ambalo jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson. Campbell Black huyo, Oktoba 1934, yeye na mwenziwe C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kweli kuliko yale ya sinema: kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa siku tatu kasoro kidogo. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 10,000, sawasawa na ya picha. Beryl Markham, aliyejifunza urubani hapa Kenya, mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akatua Kanada kwa kuichomeka pua ya ndege kwenye kinamasi. Mwaka 1937 zikaanza kutua katika maji ya Mombasa ndege kubwa za majini za Imperial Airways, njiani kwenda Durban. Vita Vikuu vya Pili vilipoleta manowari za Kiingereza Kilindini, vituo vya ndege vya wanamaji wao vikaitwa kwa Kiswahili: Kipanga kule Kilindini na Korongo kule Nairobi. Uwanja mwingine wa vita hivyo ulikuwa Mackinnon Road, ambayo leo imo katika kaunti yetu ya Kwale, na ambayo wasafiri wengi wanaijua kwa msikiti na kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli.

Katika haya yote, ni kipi kilichotengenezewa sinema kubwa? Ni mapenzi. "Out of Africa" ya mwaka 1985, iliyopata tuzo saba za Oscar, inatuonyesha Denys Finch Hatton akimpandisha bibi yake ndege ya Gipsy Moth juu ya mbuga na maziwa. Picha imepigwa vizuri, siikatai. Lakini Finch Hatton alipoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931 hakufa peke yake. Alikufa na mtumishi wake, Kamau. Mamilioni wanalijua jina la bwana, lakini la Kamau ni wachache mno waliolisikia. Nani atatuambia Kamau alikuwa akifikiri nini alipofungwa mkanda katika kiti kile?

USHAMBA NI NINI?

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Mimi ni mtoto wa Msambweni, na nilipokuwa mdogo wazee walikuwa wakisimulia jinsi ndege za mwanzo zilivyopita juu ya minazi na mikorosho. Mwingine alikimbia akaacha jembe shambani. Mwingine aliingia chini ya kitanda na mbuzi wake. Mwingine alisoma kila dua aliyoijua, na alipomaliza akaanza tena. Sisi vijana tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa kile cha barazani. Neno lililofuata kila mara lilikuwa moja: ushamba! Na wazee, kwa kuona hivyo, wakawa wanasimulia machache zaidi kila mwaka.

Mtu mwenye akili timamu anaona dude linanguruma mbinguni, hajaambiwa ni nini. Je, akimbie au asimame alipungie mkono? Waliokufa Gasi na Vanga wakati wa vita hawakufundishwa kuvipenda vitu vya serikali. Aliyekimbia alikuwa na hoja. Aliyeruka bila ya dira ndiye aliyekuwa hana. Lakini yule wa dira ameandikwa vitabuni kuwa ni shujaa, na yule wa jembe ameitwa mshamba.

Kisha fikirini mahujaji wetu. Wapo wazee wengi wa Kwale ambao ndege ya kwanza kuipanda katika maisha yao ni ile ya kwenda Jeddah. Mtu hajapata kupanda hata ghorofa ya tatu, leo ameketi juu ya mawingu, ihramu iko mkobani, halua iko mapajani, tasbihi mkononi, na kijana wa ndege anamwomba afunge mkanda, naye hajui mkanda upi, wake wa kiunoni au wa kiti. Hicho ni kichekesho, na ndani yake mna machozi pia, kwani safari hiyo ameiwekea akiba ya korosho na nazi miaka na miaka. Nani ameiandika?

Na kuna vijana. Mara kwa mara magazeti ya Kenya yameandika habari za mafundi waliojitengenezea ndege nyumbani kwa vyuma, maturubai na injini za magari. Nyingi hazikunyanyuka. Na kila habari ya namna hiyo ilipotoka, kicheko kilichosikika ni kile cha kwanza, cha dharau. Ndugu zangu, ndege ya akina Wright siku ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, ilikaa hewani sekunde 12, mwendo usiofika hata urefu wa nusu ya uwanja wa mpira. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayemcheka fundi kwa sababu chombo chake hakikuruka, na yeye mwenyewe hajapata kupigilia hata msumari, anacheka kutoka chini na huko huko chini atabaki.

TUFANYE NINI?

Nina maombi matatu. La kwanza ni kwa vijana wenye simu zinazorekodi, na simu hizo siku hizi zimejaa kila kijiji kutoka Ng'ombeni hadi Lunga Lunga. Wakalisheni wazee waliobaki, wawasimulie siku walipoiona ndege kwa mara ya kwanza au siku walipoipanda. Msiwaulize kwa kejeli. Waliokuwa watoto wakati ndege za majini zinatua Mombasa leo wana zaidi ya miaka tisini, na kila mwaka tunawazika.

La pili ni kwa waandishi wa michezo ya kuigiza na walimu wanaotayarisha wanafunzi kwa tamasha za drama. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilituonyesha kuwa Mkenya anajua kujicheka bila ya kujidharau. Mnayo Rufiji, mnayo Mackinnon Road, mnayo ndege ya mahujaji, na uwanja wa Ukunda ambako ndege ndogo hupita juu ya paa za watu ambao wengi wao hawajapata kuzipanda. Hamhitaji mamilioni ya fedha. Mzee mmoja, mbuzi mmoja, kitanda kimoja na sauti ya injini vinatosha kuanzia.

La tatu ni kwetu sote, watazamaji. Picha ya 1965 iliwaita watu wale waliotumbukia katika maji machafu kuwa ni wa ajabu na wa fahari, na ikawacheka hivyo hivyo. Mataifa yaliyochekwa hayakupungua hata shibiri moja. Ibn Firnas alichekwa kwa shairi na jina lake liko mwezini. Mswahili husema aliye juu mngoje chini, na mara nyingi tumeifanya methali hiyo kuwa ya kulipiza: tunangoja aanguke tufurahi. Mimi nasema tumngoje, naam, lakini tumngoje na mkeka wa kumlaza, maji ya kunywa, na swali la kumuuliza: mkia uliuweka?